Parasetamoli, ibuprofeni, diklofenaki, aspirini na tramadoli: ipi inamfaa mgonjwa yupi?

Mtu anapouliza ni dawa gani nzuri ya maumivu, mfamasia makini hamjibu mpaka ajue dawa hiyo inakwenda kumezwa na nani. Kidonge kinachompa nafuu kijana aliyeteguka kifundo cha mguu kinaweza kuzidhuru figo za mzee anayetumia dawa za shinikizo la damu, kikamtoa damu mwenye vidonda vya tumbo, na kikamdhuru mtoto ambaye bado yumo tumboni mwa mama yake. Dawa tano zinazolinganishwa hapa, yaani parasetamoli, ibuprofeni, diklofenaki, aspirini na tramadoli, zote hutuliza maumivu, na kwa maumivu mengi ya kila siku tofauti ya nguvu kati yake ni ndogo kuliko watu wanavyodhani. Tofauti kubwa iko katika mambo mengine ambayo kila moja huyafanya mwilini bila kuombwa. Kwa sababu hiyo ulinganisho huu unaanzia upande ambao wengi huuacha mwisho: kwanza zinaondolewa dawa zisizomfaa mgonjwa aliyepo, na katika zilizobaki ndipo inatafutwa ile inayotuliza vizuri zaidi.

Maumivu yanayozungumziwa ni yale ya kawaida, kama ya kichwa, meno, hedhi, mgongo, viungo na homa. Maumivu ya saratani na yale yanayofuata upasuaji mkubwa yana taratibu zake na hayamo humu.

Nafuu na madhara hutoka mahali pamoja

Mwili ukijeruhiwa au kuvamiwa na vijidudu, seli hutengeneza kemikali ziitwazo prostaglandini, ambazo huifanya sehemu iliyoumia ivimbe, ipate joto na iume zaidi. Kemikali hizo hutengenezwa kwa msaada wa kimeng'enya kiitwacho COX, chenye aina mbili kuu, COX-1 na COX-2. Mwaka 1971 mwanasayansi Mwingereza John Vane alionyesha kwamba aspirini hufanya kazi kwa kuzuia utengenezaji huo wa prostaglandini, na mwaka 1982 alikuwa miongoni mwa waliopewa Tuzo ya Nobel ya tiba. Ibuprofeni na diklofenaki hupita njia hiyohiyo, ndiyo maana dawa hizi tatu zinawekwa katika kundi moja la dawa za kupunguza uvimbe zisizo na steroidi.

Tatizo ni kwamba prostaglandini zina kazi nyingine zisizohusiana na maumivu hata kidogo. Tumboni, hulinda ukuta wa tumbo kwa kuhimiza ute unaouzuia usichomwe na tindikali. Katika figo, huiacha wazi mishipa inayoingiza damu, hasa mwili unapopungukiwa na maji au moyo unapokuwa dhaifu. Kwa mtoto aliye tumboni, huuacha wazi mshipa unaoiruhusu damu ipite kando ya mapafu ambayo hayajaanza kupumua. Dawa ikizizuia, inazizuia kila mahali, kwa kuwa damu haichagui pa kuipeleka. Kidonda cha tumbo kinachosababishwa na ibuprofeni kwa hiyo kinatokana na kazi ileile iliyoondoa maumivu ya jino, ila imefanyika mahali pengine. Anayelielewa hili anaweza kukisia sehemu kubwa ya orodha ya tahadhari za dawa hizi kabla hajaisoma.

Parasetamoli haimo katika kundi hilo. Inafanya kazi zaidi kwenye ubongo na uti wa mgongo, na athari yake mahali penyewe palipovimba ni ndogo sana. Ndiyo sababu tumbo na figo huivumilia vizuri zaidi, na ndiyo sababu haipunguzi uvimbe. Tramadoli nayo inapita njia tofauti kabisa: inashika vipokezi vilevile vinavyoshikwa na mofini, na wakati huohuo inaongeza kemikali mbili za kupeleka ujumbe, serotonini na noradrenalini, kwenye mishipa ya fahamu.

Parasetamoli na ibuprofeni uso kwa uso

Kwa watu wengi uchaguzi halisi ni kati ya hizi mbili, kwa hiyo zinastahili nafasi kubwa kuliko nyingine.

Kwa upande wa nafuu, ibuprofeni inashinda pale ambapo uvimbe au prostaglandini ndizo chanzo cha maumivu. Maumivu ya hedhi ni mfano wa wazi, kwa kuwa ukuta wa mfuko wa uzazi hutoa prostaglandini zinazoukaza msuli, na dawa inayozizuia hukata tatizo kwenye shina lake. Baada ya kung'olewa jino la mwisho, miligramu 400 za ibuprofeni hutuliza vizuri kuliko miligramu 1,000 za parasetamoli, na zikitumiwa zote mbili pamoja hutuliza zaidi kuliko moja peke yake. Kuzichanganya hizi mbili kunakubalika kwa mtu asiye na sababu ya kuikwepa yoyote kati yake, kwa kuwa kila moja ina njia yake.

Parasetamoli kwa upande wake ina sifa ya kuwa dawa ya kwanza kwa kila kitu, sifa ambayo kwa maoni yangu imezidishwa kidogo. Inashusha homa na kutuliza kichwa vizuri, lakini utafiti mkubwa uliofanywa Australia na kuchapishwa mwaka 2014 kuhusu maumivu mapya ya mgongo ulikuta kwamba walioitumia hawakupona haraka kuliko waliopewa vidonge visivyo na dawa. Kwa goti lililosagika pia nafuu yake ni ndogo. Inabaki kuwa chaguo la kwanza kwa wagonjwa wengi kwa sababu ya usalama wake, na usalama huo una masharti.

Sharti kubwa ni kipimo. Mtu mzima mwenye uzito wa kutosha anaweza kutumia miligramu 500 hadi 1,000 kwa mara moja, kila baada ya saa nne hadi sita, bila kuvuka gramu 4 kwa saa 24, yaani vidonge vinane vya miligramu 500. Mwenye uzito chini ya kilo 50, mwenye utapiamlo, anayekunywa pombe nyingi kila siku au mwenye ugonjwa wa ini anahitaji kiwango cha chini zaidi, mara nyingi gramu 2 hadi 3 kwa siku kwa ushauri wa daktari. Ini linapoivunja parasetamoli hutoa kiasi kidogo cha sumu, ambayo kwa kawaida huzimwa mara moja na kinga iliyohifadhiwa kwenye ini lenyewe. Dawa ikizidi, kinga hiyo huisha na sumu huanza kuua seli. Jambo la hatari kuliko yote ni ukimya wake: katika siku ya kwanza mtu anaweza kuwa na kichefuchefu tu, au asihisi chochote, huku ini likiendelea kuharibika. Dawa ya kuzuia sumu hiyo, asetilsisteini, hulinda karibu kabisa ikianzwa ndani ya saa nane tangu vidonge vimezwe, kwa hiyo aliyezidisha hapaswi kusubiri dalili ndipo aende hospitali.

Wengi wanaozidisha hawakukusudia. Parasetamoli imefichwa ndani ya dawa nyingi za mafua, za kikohozi na za maumivu zenye majina ya kibiashara tofauti, na mtu anayemeza vidonge vya mafua asubuhi, vya kichwa mchana na vya mgongo usiku anaweza kuwa amemeza dawa moja mara tatu. Kusoma jina la kiini kwenye pakiti, lile lililoandikwa kwa herufi ndogo chini ya jina la biashara, kunazuia ajali hii. Ziko pia parasetamoli za kuyeyusha kwenye maji zinazotoa povu, ambazo nyingi zina chumvi ya kutosha kumdhuru mtu mwenye shinikizo la damu au moyo dhaifu. Hata vidonge visivyo na chumvi haviko nje ya swali hilo, kwani utafiti uliofanyika Edinburgh na kutolewa mwaka 2022 ulionyesha kwamba gramu 4 kila siku kwa wiki mbili ziliongeza namba ya juu ya kipimo cha shinikizo la damu kwa takriban milimita 5 za zebaki kwa watu ambao tayari walikuwa na tatizo la shinikizo. Siku mbili tatu za homa hazina shida. Miezi ya matumizi ya kila siku ndiyo inayohitaji kupima.

Ibuprofeni inayonunuliwa bila cheti cha daktari hutumiwa kwa miligramu 200 hadi 400 kwa mara moja, isizidi miligramu 1,200 kwa siku. Orodha ya wasiofaa kuitumia ni ndefu zaidi: mwenye kidonda cha tumbo au aliyewahi kutoka damu tumboni, mwenye ugonjwa mkubwa wa figo, mwenye moyo ulioshindwa kazi yake, anayetumia warfarini au dawa nyingine ya kuzuia damu kuganda, na mjamzito kuanzia katikati ya ujauzito. Prednisoloni, ambayo ni dawa ya steroidi, na baadhi ya dawa za sonona, kama fluoksetini, huongeza uwezekano wa kutoka damu tumboni zikitumiwa pamoja nayo. Litiamu, dawa ya magonjwa ya akili, na methotreksati, dawa ya saratani na ya baridi yabisi, hujikusanya mwilini kwa sababu figo hupunguza kuzitoa.

Watu wenye pumu wanahitaji swali la ziada. Wengi wao huimeza ibuprofeni bila tatizo, lakini wapo ambao kidonge kimoja cha dawa za kundi hili huwabana kifua ndani ya saa moja au mbili, hasa wale walio na vinyama vya puani na mafua yasiyoisha. Mwenye pumu ambaye aliwahi kuitumia bila shida anaweza kuendelea kwa tahadhari. Ambaye hajawahi, au aliwahi kubanwa, atumie parasetamoli.

Kuna imani kwamba kula kabla ya kumeza ibuprofeni kunalinda tumbo kikamilifu. Chakula hupunguza kichefuchefu na kiungulia, na hilo ni jambo jema, lakini kidonda huletwa zaidi na dawa iliyokwisha kuingia kwenye damu kuliko kidonge kinachogusa ukuta wa tumbo. Omeprazoli, dawa inayopunguza tindikali ya tumbo, hulinda vizuri zaidi, na mwenye umri zaidi ya miaka 65 anayelazimika kutumia dawa hizi kwa muda anastahili kupewa. Hata hivyo omeprazoli haizilindi figo wala moyo.

Mtoto mwenye homa

Hapa dawa mbili tu ndizo zinazobaki mezani, na kosa la kawaida liko kwenye kipimo kuliko kwenye uchaguzi wenyewe. Chukua mtoto wa kilo 12. Parasetamoli kwa watoto hupimwa kwa miligramu 10 hadi 15 kwa kila kilo ya uzito, kwa hiyo kiwango chake cha juu kwa mara moja ni miligramu 180. Chupa iliyoandikwa miligramu 120 kwa mililita 5 itampa kiwango hicho kwa mililita 7.5. Mzazi akinunua chupa nyingine iliyoandikwa miligramu 250 kwa mililita 5, akaendelea kumpa mililita 7.5 kwa mazoea, mtoto atakuwa amepata miligramu 375, zaidi ya mara mbili ya anachostahili. Kipimo sahihi cha chupa hiyo ni mililita 3.6. Matone ya watoto wachanga huwa makali zaidi hata ya hapo. Bomba la kupimia lililokuja na chupa ndilo litumike, kwa kuwa vijiko vya jikoni havina ukubwa mmoja.

Ibuprofeni kwa mtoto huyohuyo hupimwa kwa miligramu 5 hadi 10 kwa kilo, kila baada ya saa sita hadi nane, na haipewi mtoto wa chini ya miezi mitatu. Inashusha homa vizuri na kwa muda mrefu kidogo kuliko parasetamoli. Lakini mtoto anayeharisha au kutapika asipewe, kwa kuwa amepungukiwa na maji na figo zake zinazitegemea prostaglandini kuliko siku nyingine yoyote. Mwenye tetekuwanga asipewe pia, kwa sababu imehusishwa na maambukizi mabaya ya ngozi. Pale ambapo homa inashukiwa kuwa ya dengi, ibuprofeni, diklofenaki na aspirini zote huwekwa kando, kwa watoto na kwa watu wazima, kwa kuwa ugonjwa wenyewe hupunguza chembe zinazogandisha damu.

Diklofenaki na imani ya sindano

Kama ipo dawa katika orodha hii ambayo ningependa itolewe mara chache kuliko inavyotolewa, ni diklofenaki. Haina ubaya katika kutuliza, kwani hufanya kazi vizuri kwa viungo, kwa mawe ya figo na kwa gauti. Shaka iko kwenye moyo. Diklofenaki huibana COX-2 zaidi kuliko COX-1, na kwa tabia hiyo inakaribiana na dawa kama rofekoksibu, iliyoondolewa sokoni duniani kote mwaka 2004 baada ya kubainika kwamba huongeza mishtuko ya moyo na kiharusi. Uchambuzi mkubwa wa tafiti uliotolewa mwaka 2013 ulikuta kwamba diklofenaki kwa vipimo vikubwa huongeza matukio makubwa ya moyo na mishipa kwa takriban theluthi moja, na mwaka huohuo mamlaka ya dawa ya Ulaya ilielekeza kwamba isitumiwe na mwenye moyo ulioshindwa kazi, aliyewahi kupata mshtuko wa moyo au kiharusi, wala mwenye mishipa ya miguu iliyoziba. Naprokseni, dawa nyingine ya kundi la ibuprofeni, haijaonyesha hatari hiyo ya moyo kwa kiwango sawa, ingawa hulichosha tumbo zaidi. Kwa hiyo mtu mwenye tumbo zima na wasiwasi wa moyo, akilazimika kutumia dawa ya kundi hili, huwa bora apewe naprokseni.

Wagonjwa wengi huiomba diklofenaki kama sindano, wakiamini kwamba sindano ina nguvu zaidi na kwamba haigusi tumbo. Inaanza kazi mapema kidogo, na inamsaidia anayetapika. Zaidi ya hapo, dawa iliyochomwa kwenye msuli inaingia katika damu ileile na kulifikia tumbo, figo na moyo kama kidonge kinavyofanya, huku sindano yenyewe ikiongeza uwezekano wa jipu au wa kuumia kwa mshipa mkubwa wa fahamu wa mguu ikichomwa vibaya. Anayeweza kumeza hana sababu ya kuchomwa.

Jeli ya diklofenaki ni habari nyingine. Ikipakwa kwenye goti au kwenye vidole, dawa hufika kwenye kiungo huku kiasi kidogo sana kikiingia kwenye damu. Kwa goti lililosagika ningeiweka mbele ya vidonge vyote vilivyotajwa hapa.

(Dawa hii ina historia ya pekee nje ya tiba ya binadamu. Tai wanaokula mizoga Asia Kusini walipungua kwa zaidi ya asilimia 95, na mwaka 2004 ilijulikana kwamba walikuwa wakifa kwa figo kushindwa baada ya kula mizoga ya ng'ombe waliotibiwa kwa diklofenaki. India, Pakistani na Nepali ziliipiga marufuku kwa mifugo mwaka 2006.)

Aspirini

Kama dawa ya maumivu, aspirini imepitwa. Hutuliza kwa miligramu 300 hadi 900, inakera tumbo, na inalemaza chembe za kugandisha damu moja kwa moja, hivi kwamba athari yake hudumu mpaka mwili utengeneze chembe mpya, jambo linalochukua siku saba hadi kumi. Ndiyo maana anayetarajia upasuaji au kung'olewa meno huulizwa kama ameitumia, na ndiyo maana mwenye hemofilia, ugonjwa wa damu kutoganda vizuri, haipewi kabisa. Watoto nao hawapewi kwa homa, kwa kuwa imehusishwa na ugonjwa wa Reye, unaoshambulia ubongo na ini baada ya maambukizi ya virusi. Uingereza iliizuia kwa walio chini ya miaka 12 mwaka 1986, na mwaka 2002 ikapandisha umri hadi chini ya 16. Mwenye gauti aikwepe pia, kwa sababu kwa vipimo vidogo huzuia figo kutoa asidi ya yuriki, ambayo ndiyo huleta gauti.

Aspirini ndogo ya miligramu 75 hadi 100 inayotolewa kwa ajili ya moyo ina kazi tofauti, na aliyeandikiwa asiiache kwa kusoma aya iliyotangulia. Anachopaswa kujua ni kwamba ibuprofeni ikitangulia kuikalia nafasi ya aspirini kwenye chembe za damu, aspirini hukosa pa kushika na kinga ya moyo hupungua. Akihitaji ibuprofeni kwa dharura, aimeze angalau nusu saa baada ya aspirini ya kawaida, au saa nane kabla yake. Kwa maumivu ya mara kwa mara, mtu huyu abaki na parasetamoli.

Tramadoli

Kwa kuwa haigusi prostaglandini, tramadoli haileti vidonda vya tumbo wala haizibani figo kama ndugu hao watatu, na hilo huifanya ivutie kwa mzee ambaye kila kitu kingine kimekataliwa. Gharama yake inalipwa mahali pengine. Inaleta kichefuchefu, kizunguzungu, usingizi na kufunga choo. Inashusha kizingiti cha degedege, kwa hiyo mwenye kifafa aikwepe. Ikichanganywa na fluoksetini au dawa nyingine zinazoongeza serotonini, inaweza kuleta hali ya hatari ya kutetemeka, homa, jasho jingi na kuchanganyikiwa. Ikichanganywa na pombe, diazepamu au dawa nyingine za usingizi, huweza kupunguza kasi ya kupumua mpaka mtu afe usingizini. Pia inazoeleka, na anayeitumia kwa muda mrefu hawezi kuiacha ghafla bila kuteseka.

Nguvu yake haifanani kwa watu wote. Ini huigeuza tramadoli kuwa umbo lenye nguvu zaidi kwa kutumia kimeng'enya ambacho kwa baadhi ya watu ni kizembe na kwa wengine ni chepesi kupita kiasi. Wa kwanza hawapati nafuu, wa pili huipata kwa ukali wa hatari. Kwa sababu hiyo, mwaka 2017 mamlaka ya dawa ya Marekani iliizuia kwa watoto wa chini ya miaka 12 na kuwashauri mama wanaonyonyesha wasiitumie. Kwa mtu mzima mwenye figo na ini zima, kikomo ni miligramu 400 kwa siku, na kwa aliyepita miaka 75 ni 300. Ningeichukulia kuwa dawa ya siku chache, yenye tarehe ya kuacha iliyotajwa siku ileile inapoanzwa.

Mjamzito na mama anayenyonyesha

Parasetamoli ndiyo inayobaki kuwa chaguo la kwanza katika ujauzito wote, kwa kiwango kidogo kinachotosha na kwa siku chache, na homa kali isiposhushwa huwa na madhara yake kwa mtoto. Ibuprofeni, diklofenaki na aspirini ya vipimo vya maumivu hazifai kuanzia wiki ya 20, kwa kuwa figo za mtoto hupunguza mkojo na maji ya uzazi yanapungua. Katika miezi mitatu ya mwisho zinaweza pia kuufunga mapema ule mshipa wa moyo uliotajwa mwanzoni. Aspirini ndogo inayotolewa kliniki kwa mama aliye katika hatari ya kifafa cha mimba haimo katika katazo hili. Na mjamzito aliyevuka wiki ya 20 anayeumwa kichwa sana, hasa akiona maluweluwe au akivimba uso, apimwe shinikizo la damu kabla ya kupewa kidonge chochote, maana kichwa hicho kinaweza kuwa dalili ya kifafa cha mimba kinachokuja.

Anayenyonyesha ana nafasi zaidi: parasetamoli na ibuprofeni zote zinamfaa, kwa kuwa kinachoingia kwenye maziwa ni kidogo sana.

Mzee mwenye goti na dawa za shinikizo

Mgonjwa huyu ndiye anayeonyesha vizuri kwa nini orodha ya dawa anazotumia mtu ina uzito kuliko ukali wa maumivu yake. Ana miaka 70, goti limesagika, anatumia enalaprili pamoja na dawa ya kuongeza mkojo, na jirani amempa diklofenaki iliyomsaidia yeye. Kichujio cha figo hufanya kazi kwa msukumo wa damu kati ya mshipa wa kuingilia na wa kutokea. Dawa ya mkojo imepunguza maji yaliyomo kwenye damu, kwa hiyo msukumo tayari ni mdogo. Enalaprili imelegeza mshipa wa kutokea, na damu inatoka kwa urahisi. Kilichobaki kuishikilia figo ni prostaglandini zinazouweka wazi mshipa wa kuingilia, na diklofenaki inakuja kuziondoa hizo hizo. Akiharisha kwa siku mbili katika hali hiyo, anaweza kufika hospitali akiwa amekatika mkojo. Losartani, dawa nyingine ya shinikizo, na jamaa zake zina tabia ileile ya enalaprili. Kabla ya hapo, hata bila figo kufeli, dawa za kundi hili zingekuwa zinamwongezea maji mwilini na kupandisha shinikizo ambalo anamezea dawa nyingine kulishusha, na daktari asiyeambiwa angeweza kumwongezea kidonge cha tatu cha shinikizo.

Kwa mzee huyu mpangilio ni huu. Aanze na jeli ya diklofenaki au ibuprofeni mara tatu hadi nne kwa siku, pamoja na mazoezi ya kuimarisha paja na, ikiwezekana, kupunguza uzito. Parasetamoli ijaribiwe, na kama baada ya wiki chache haioneshi tofauti iachwe, kwa kuwa hakuna faida ya kumeza kila siku dawa isiyosaidia. Tramadoli ije baadaye, kwa miligramu 50 kwanza, kwa muda mfupi, huku familia ikijua kwamba anaweza kuanguka akiamka usiku. Na ikiwa daktari ameona kwamba vidonge vya ibuprofeni au naprokseni haviepukiki, viwe vya kiwango kidogo na vya siku chache, vikiambatana na omeprazoli. Kreatinini (kipimo cha damu kinachoonyesha kazi ya figo), potasiamu na shinikizo la damu vipimwe kabla na baada ya wiki moja hadi mbili, na vidonge visimamishwe mara moja akianza kutapika, kuharisha, kuvimba miguu, kupata mkojo kidogo au kutoa choo cheusi kama lami.